Ndimu haing'arishi meno, inayala

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya alasiri, mama wa mwanafunzi wangu mmoja alinijia chuoni, chuo cha Kurani ninachofundisha, akiwa na kipande cha gazeti lako alichokikata kwa mkasi. Kimetoka kwenye ukurasa wenu wa afya na urembo. Kinamwelekeza msomaji akamue ndimu, achanganye na magadi soda, asugue meno asubuhi na jioni, na kila akiamka anywe maji ya uvuguvugu yenye ndimu kabla hajala kitu. Mama yule ana binti wa miaka 14 na anataka meno ya binti yang'are siku ya hitima, atakapomaliza Kurani. Akaniambia, "Ustadhi, nakuona meno yako yamenyooka, meupe. Wewe ulitumia hii?"

Nilimwomba akae, maana niliona maneno yatakuwa marefu. Meno anayoyasifu mama yule, yaani 6 ya mbele ya juu, kutoka chonge hadi chonge, yamejengwa na daktari kwa mkono, tabaka juu ya tabaka. Yale niliyopewa na Mola wangu niliyamaliza mwenyewe, na nilianza kuyamaliza kwa ndimu. Nakuandikia ili niyaseme kwa wasomaji wako wote niliyomwambia mama yule, kwa sababu makala yenu imeingia nyumba nyingi kuliko ninazoweza kuzifikia mimi.

Nafundisha Kurani hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 22 sasa. Sisi wasomaji tuna imani kubwa na ndimu, kwamba inafungua sauti na kukata makohozi. Kawaida yangu ilikuwa kuchukua kipande cha ndimu, nikitie chumvi kidogo, nikiweke kati ya mdomo na meno ya mbele, nikinyonye taratibu huku watoto wanafungua misahafu. Asubuhi kimoja, alasiri kimoja. Usiku wa tarawehi vitatu au vinne. Nikimaliza nilichukua mswaki wa mti nikasugua meno kwa nguvu, ili kinywa kiwe safi mbele ya Kitabu. Nimefanya hivyo kwa miaka zaidi ya 15.

Juu ya hilo nilikuwa na kiungulia. Mwezi wa Ramadhani ndio kilizidi: futari nzito, bajia, juisi ya ukwaju, halafu daku saa 10 usiku, na baada ya alfajiri najitupa kitandani tumbo limejaa. Naamka na uchungu kooni na maji makali mdomoni. Nilikizoea kama mtu anavyozoea kelele za barabarani, sikukiita ugonjwa.

Dalili zilikuja kidogo kidogo. Kwanza maji ya mtungi, ambayo nimeyanywa tangu utoto, yakaanza kunichoma meno ya mbele hadi nikayafunika kwa ulimi nikinywa. Kisha rangi. Meno yalizidi kuwa ya njano, nami kila nilipoona njano nikaongeza ndimu. Kisha ncha zikawa nyembamba, ukiziweka mbele ya taa unaona mwanga unapita kama kwenye kioo cha chimni. Siku moja nakula muhogo wa kuchemsha, chakula laini kabisa, jino la kati likamegeka pembe.

Lakini kilichonivunja moyo hakikuwa sura. Wanaosoma tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani kwa matamshi yake, wanajua kwamba kila herufi ina mahali pake pa kutokea. Herufi fa hutoka pale tumbo la mdomo wa chini linapogusa ncha za meno ya juu ya mbele. Tha, dhali na dha nzito hutoka pale ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno mawili ya kati ya juu, yale tunayoyaita thanaya. Ncha hizo mimi sikuwa nazo tena. Daktari alikuja kunipimia baadaye, meno mawili ya kati yalikuwa yamepungua karibu milimita 2 na nusu. Ulimi wangu ulikuwa unatafuta ukuta ambao umebomoka, na pumzi ikitoka na mluzi.

Sikuusikia mluzi huo mwenyewe. Niliusikia kwa watoto. Alasiri moja binti wa miaka 9 alisimama kunisomea sura ya Al-Kauthar, aya tatu tu, sura ambayo kila mtoto wa chuo huianza mapema. Akasoma "kausar". Nikamrudisha. Akasoma tena "kausar". Nikamwita mwingine, naye vivyo hivyo. Nikasema nitawasomea, wanifuate, na katikati ya kuwasomea nikaelewa kwamba wale watoto hawajakosea. Walikuwa wamenifuata sawasawa. Darasa zima lenye watoto 31 lilikuwa limebeba kosa la kinywa changu, katika maneno ya Mwenyezi Mungu. Sikulala usiku ule.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda, sitaitaja, walinitazama kwa dakika chache wakasema meno yameisha, yang'olewe yote 6, niwekewe ya bandia ya kuvaa na kuvua. Hayakuwa yameoza hata moja. Mizizi ilikuwa mizima, fizi nzima. Nilipanga siku ya kung'oa. Aliyeniokoa ni mpwa wangu anayefanya kazi Dar es Salaam, alinipigia simu akasema, "Mjomba, usikubali, njoo kwanza uonwe na mtu mwingine." Namshukuru mpaka leo.

Daktari niliyempata huko ni mwanamke kijana, wa umri wa binti yangu mkubwa. Aliniamkia kwa heshima, akanilaza kwenye kiti, akaangalia kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akanipa kioo kidogo nijione sehemu ambayo sijawahi kuiona, mgongo wa meno yangu ya juu, upande unaotazama ulimi. Ulikuwa umechongwa laini, wa njano, kama ndani ya kijiko. Akaniambia, "Ustadhi, upande wa mbele umeliwa na kitu kichachu unachokula. Upande wa nyuma umeliwa na tindikali ya tumbo inayopanda usiku. Unakula nini?" Sikuwa nimemtajia ndimu wala kiungulia. Meno yalikuwa yamemwambia. Akanionyesha pia kwamba ya chini yamebaki mazima, kwa sababu ulimi huyafunika na mate yaliyo chini ya ulimi huyaosha kila mara.

Hapa, Mhariri, naomba msomaji wako atulie, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Jino limevishwa ganda jeupe liitwalo enameli. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kigumu kuliko mfupa, na karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Halina uhai ndani yake, kwa hiyo halijiponyi. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka huota, enameli ikiondoka haiwezi kuota tena. Chini yake kuna dentini, ambayo ni ya njano kwa maumbile na ina vitundu vidogo mno vinavyofika hadi kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu. Enameli ikipungua, njano ya ndani inaonekana na maji ya baridi yanapata njia. Njano niliyokuwa naisugua kwa ndimu ilikuwa inaletwa na ndimu yenyewe.

Uchachu hupimwa kwa namba ziitwazo pH. Maji safi ni 7. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kuyeyuka. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na kitu, soda za kola ziko hapohapo kwenye 2 na nusu, na tindikali ya tumbo hushuka hadi 1 au 2. Kila namba moja unayoshuka, ukali unazidi mara 10. Kwa hiyo kati ya 5.5 na ndimu kuna zaidi ya mara 1,000. Enameli iliyolowa uchachu huo hulainika kwa muda, na mate yakiachwa huisaidia kurudisha sehemu ya madini yake. Ukisugua hapohapo, unaikwangua ikiwa laini. Niliposikia hilo nilikumbuka mswaki wangu wa mti na ile nia yangu ya usafi, na machozi yalinitoka mbele ya yule daktari. Na hicho ndicho makala yenu inachofundisha, kupaka ndimu na kusugua papo hapo, mara mbili kwa siku, wiki mbili mfululizo.

Daktari hakunigusa jino siku ile. Alinituma kwanza kwa daktari wa tumbo, akasema kujenga juu ya tindikali ni kujenga ufukweni wakati wa bamvua. Nilipewa omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, ya kumeza nusu saa kabla ya kifungua kinywa, nikaambiwa niinue kichwa cha kitanda, nisilale kabla ya saa 3 kupita tangu nimekula. Ndimu niliiacha ya kunyonya, nikabaki na ya kukamulia samaki, pamoja na chakula, si peke yake. Nilikaa hivyo miezi 2. Nikiwa na hamu ya kumaliza haraka nilimwona kama ananichelewesha. Leo najua alikuwa ananifanyia uaminifu.

Siku ya kujenga nilikaa kwenye kiti kuanzia saa 3 asubuhi hadi karibu saa 7. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchagua rangi, akiniweka karibu na dirisha, kwa sababu jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo na mtu anaweza kudanganyika. Akaweka karatasi ya mpira iliyotobolewa, meno 6 yakatokeza, mate yakabaki chini. Kisha akachukua dawa ya buluu ya ute akaipaka kwenye meno, nikamuuliza kwa ishara ni nini, akasema ni asidi ya fosforiki, asilimia 37. Nilishtuka. Nimekuja kwa sababu ya tindikali, nawe unanipaka tindikali? Akanieleza kwa upole kwamba hii inakaa sekunde zisizozidi 30, inaoshwa kwa maji mengi, na kazi yake ni kuacha vitundu vidogo kwenye enameli ambamo gundi itashika kama mizizi.

Sisi watu wa chuo hatupokei elimu bila sanadi, lazima tujue nani kapokea kwa nani. Kwa hiyo baadaye nilimuuliza elimu hii imeanza kwa nani, naye alifurahi kuulizwa. Akasema kushikisha gundi kwenye enameli kwa asidi kuligunduliwa na daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, aliyeandika habari zake mwaka 1955. Ile dawa yenyewe ya kuzibia, kompoziti, ilitokana na kazi ya Mmarekani mwingine, Rafael Bowen, mwaka 1962. Ni utomvu wa kutengenezwa uliochanganywa na unga laini sana wa kioo. Huja laini kama unga wa maandazi, daktari anaufinyanga juu ya jino, kisha anaumulika kwa taa ya buluu sekunde 20 unakuwa mgumu. Anaweka tabaka jembamba, lisilozidi milimita 2, anamulika, anaweka jingine, kwa sababu dawa hiyo hujikunyata kidogo inapokauka na mwanga haufiki mbali. Ndani alitumia rangi nzito kidogo kuigiza dentini, juu yake nyepesi inayopitisha mwanga. Hakunichoma ganzi. Hakunikwangua jino kulipunguza. Aliongeza kilichopungua, basi.

Kuna jambo moja ambalo naliandika kwa kirefu kwa sababu lilinitia hofu, na mwingine likimpata asije akakimbilia kung'oa alichojengewa. Meno yakiliwa taratibu hivyo, ya chini hupanda kufuata nafasi, na unapotaka kujenga huna pa kuweka dawa. Daktari alijenga hivyohivyo, kwa unene unaotakiwa. Nilipofunga kinywa, meno ya mbele tu ndiyo yaligusana. Magego yalikuwa hewani, nafasi ya kupitisha ukucha. Alikuwa ameshaniambia mapema kwamba itakuwa hivyo, kwamba daktari wa Norway aitwaye Dahl na wenzake walieleza njia hii mwaka 1975, na kwamba ndani ya miezi magego yatasogea yenyewe hadi yakutane tena. Kuambiwa ni kitu kimoja, kukaa mezani na ugali usiotafunika ni kingine. Wiki 2 za kwanza nilikula uji, ndizi na samaki wa kuchambua. Ulimi ulikuwa unagonga meno kama mgeni kwenye mlango mfupi, nikapumzika kusomesha siku 10, nikamwachia mwalimu mwenzangu darasa. Kila Ijumaa nilikuwa naweka uzi kati ya magego na kuuma, nautoa bila shida. Mwezi wa 4 tangu kujengewa, upande wa kulia uliushika. Mwezi wa 5 pande zote mbili.

Wengi wameniuliza upande wa dini, na hapa naweza kusema kwa kazi yangu. Kilichokatazwa ni kuchonga meno kwa ajili ya uzuri, kubadilisha alichoumba Mungu kikiwa kizima. Kurudisha kilichoharibika ni tiba. Sahaba Arfaja bin As'ad, radhi za Allah ziwe juu yake, alikatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru aweke ya dhahabu. Wanazuoni wameijenga juu ya hadithi hiyo hukumu ya meno. Na kuhusu josho na udhu, sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kusukutua kwetu ni sunna katika vyote viwili, hivyo dawa iliyoshikamana na jino haimzuilii mtu tohara yake. Mwenye jino bovu asijinyime tiba kwa wasiwasi huo. Nyongeza ni kwamba kusukutua kwa maji baada ya kula kitu kichachu ndiko daktari alikonishauri kabla ya yote: osha kwa maji, subiri angalau nusu saa, ndipo upige mswaki, wenye nyuzi laini na dawa yenye floraidi.

Gharama sitazificha. Nililipa shilingi 70,000 kwa kila jino, jumla 420,000, kwa kuchanga mimi, mpwa wangu na wazazi wawili wa chuo. Bima niliyonayo ilikataa, barua yao ikasema ni huduma ya urembo. Bima hiyohiyo ingelipia kung'oa meno yote 6. Jino ninalolitumia kutamka maneno ya Mola wangu, kukatia chakula na kufundishia watoto 31, ningeomba wenye kupanga orodha za bima walitazame upya kabla ya kuliita urembo.

Wala sisemi kompoziti ni sawa na jino la kuzaliwa. Nimeambiwa itanidumu miaka 5 hadi 10 hivi, inashika rangi ya chai ya mkandaa, na inataka kung'arishwa na kukaguliwa. Mwezi wa 14 tangu kujengewa, pembe moja ilimegeka nikila kashata. Daktari aliikwaruza kidogo juu juu, akaongeza dawa, akamulika, haikufika nusu saa. Ningekuwa nimeng'oa kama nilivyoshauriwa mwanzo, hakuna nusu saa ambayo ingenirudishia kitu.

Kwa ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro, ambao wengi wana madoa ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni, nasikia nao wanasugua ndimu. Doa lile limo ndani ya enameli. Ndimu hailiondoi, inaondoa enameli. Kuna namna za daktari kulipunguza, na dawa hiihii niliyowekewa mimi inaweza kulifunika.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba mrudi kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, muwaambie wasomaji waache kusugua meno kwa ndimu, na kwamba jino lililolika si lazima ling'olewe. Muulizeni daktari yeyote wa kinywa na meno kabla ya kuchapa, msinitegemee mimi. Yule mama niliomba aniachie kile kipande. Nimekiweka ndani ya daftari la mahudhurio, nimemwambia kikitoka kingine nitampa hicho akabandike nyumbani, naye ameniuliza mara mbili kama kimeshatoka.

Wako,
Mwalimu wa chuo,
Ngamiani, Tanga